Giom wa Muralag: kisa cha Barbara Thompson na mzee aliyesema huyu ni mwanangu

Kila nikikuta kisa cha Barbara Thompson kimeandikwa kama kisa cha kuokolewa, yaani msichana wa Kiskoti mashua imevunjika, kakaa miaka karibu mitano visiwani kwa watu wasiovaa nguo, halafu manowari ya Malkia ikaja ikamchukua, basi, stori imeisha. Nimekisoma mara nyingi na kila nikirudia naona manowari ilifika mwishoni kabisa, wakati binti mwenyewe keshaishi miaka yote hiyo na lugha kashaijua na jina jipya anaitikia. Wa kumuangalia hapa ni mzee mmoja wa kisiwa cha Muralag aliyeitwa Piaquai, ambaye alimtazama huyu mtu katolewa majini, ngozi nyeupe, hajui neno hata moja la pale, akasema huyu ni mwanangu Giom aliyekufa, amerudi. Tukiruka hapo kisa chote kinabaki hakieleweki, na wengi wanaparuka.

Kwanza tujue tuko wapi. Kati ya ncha ya kaskazini kabisa ya Australia, wanapaita Cape York, na nchi ya Papua kuna mlangobahari unaitwa Torres Strait, umejaa visiwa na miamba na mikondo ya maji mibaya sana. Muralag ni kisiwa kikubwa karibu na hiyo ncha, Waingereza walikiita Prince of Wales, na wenyewe wa pale ni Wakaurareg. Lugha yao ni lahaja ya lugha ya visiwa vya magharibi ya mlangobahari huo, lakini wanaoana na kutembeleana na Waaborijini wa bara pale Cape York, kwa hiyo ukiwauliza wataalamu kama ni watu wa visiwani au Waaborijini watajibizana mpaka kesho. Wenyewe wanajijua.

Na kwa mtu aliyekulia Pwani yetu huku maisha yao hayashangazi hata kidogo. Mtumbwi wao wanauita gul, una magogo ya kuelea pande zote mbili, ukiuona picha utasema ngalawa hiyo. Wanavua kasa na nguva. Wanachimba viazi vikuu, na kipindi cha mvua chakula kikiwa shida wanatengeneza kitu kinaitwa biyu, uji mzito wa kijivu unaotokana na machipukizi ya mikoko. Halafu kuna hili ambalo lilinifanya niache kusoma nikatoka nje kidogo: walikuwa wanavua kasa wadogo kwa chazo! Yule yule samaki anayejibandika, wanamfunga kamba mkiani, wanamtupa majini, akikutana na kasa anamganda na wote wawili wanavutwa mpaka kwenye chombo. Wazee wa Unguja na Pwani ya huku walivua hivyo hivyo, na hakuna aliyemfundisha mwenzake kwa ninavyoelewa mimi, ila bahari ni mwalimu mmoja.

Wazungu hawakuwa kitu kipya kwao. Tarehe 22 Agosti 1770 nahodha Mwingereza James Cook alishuka kwenye kisiwa kidogo cha eneo hilo hilo la Wakaurareg, akapandisha bendera na kutangaza pwani yote ya mashariki ya Australia ni mali ya mfalme wake, kisiwa akakipa jina Possession, yaani umiliki. Mwaka 1802 nahodha mwingine Mwingereza, Flinders, alipita visiwa vya mashariki ya mlangobahari, watu wa kisiwa cha Mer wakamjia na mitumbwi wakiita kwa sauti wakitaka chuma, maana yake walishajua meli zina nini ndani. Mwaka 1834 ikavunjika meli ya Charles Eaton na wengi waliofika nchi kavu wakauawa, ila watoto wawili, John Ireland na William D'Oyly, walichukuliwa na watu wa Mer wakalelewa hadi 1836. Huyo William alikuwa mdogo sana, na siku meli ilipokuja kumchukua alilia akimng'ang'ania baba yake wa kisiwani. Kwa hiyo bahari ile ile, katika miaka hiyo hiyo, mmoja anauawa na mwingine anafanywa mtoto wa nyumbani. Ukisema "walikuwa wakatili" au ukisema "walikuwa wakarimu" hujaeleza kitu, swali ni nini kiliamua nani awe nani.

Sasa Barbara. Alizaliwa Aberdeen, Scotland, jina la kwao Crawford, wazazi wakahamia naye New South Wales, koloni la Waingereza kule Australia. Akiwa bado hajafika miaka 20 akaondoka Moreton Bay, pwani ya mashariki ya Australia, na mume wake Thompson kwenye mashua ndogo ya mume huyo, ikiitwa America. Hii ilikuwa takriban mwaka 1844 au mwanzo wa 1845. Hawakuwa wanapeleleza wala nini, walikuwa wanafuata hela: kuna meli ya kuvua nyangumi ilikuwa imepanda mwamba huko Bampton Shoal na mafuta yake yamebaki, na mmoja wa mabaharia wa hiyo meli akasema mimi napajua, nitawaonyesha. Baada ya hapo walipanga waende Port Essington, kituo cha Waingereza upande wa kaskazini.

Hakupajua. Wakazunguka, wakaanza kugombana, watu wawili wakafa maji, mmoja akaachwa kwenye kisiwa kisicho na mtu, hebu fikiria hilo peke yake, mtu kaachwa na wenzake kwenye kisiwa kitupu na habari yake imebaki nusu sentensi kwenye ripoti. Waliobaki wakasogea mpaka Torres Strait, dhoruba ikawakuta, mashua ikagonga mwamba kwenye kisiwa cha jirani na Muralag, wenyeji wanakiita Ngurupai na kwenye ramani leo ni Horn. Wanaume wawili waliobaki, mumewe akiwemo, wakajaribu kuogelea kwenda nchi kavu katikati ya mawimbi, wote wakafa. Akabaki yeye peke yake juu ya chombo kilichovunjika.

Kulikuwa na kundi la Wakaurareg lililotoka kuvua kasa. Wakasubiri dhoruba itulie, wakaogelea mpaka kwenye mashua, wakamshusha, wanaume wawili wakamuweka katikati na kumshikilia mpaka ufukweni. Nasimama hapa kidogo kwa sababu watu wanapita haraka sana. Maji yale yalikuwa yametoka kuua mabaharia wawili wa Kizungu. Hawa waliingia kwa hiari yao kwa mtu wasiyemjua.

Habari hizi nyingi zimeandikwa na John MacGillivray, mtaalamu wa viumbe kwenye manowari Rattlesnake, na yeye anasema mmoja wa wale waokoaji, Boroto, alimchukua huyo mwanamke kama "fungu lake la nyara", akalazimika kuishi naye. Halafu mistari michache mbele, mwandishi huyo huyo anasema wanaume wote walimtendea vizuri, na kwamba Piaquai alimtambua kama binti yake na ukoo mzima ukampokea kama mtu wao na akapata ndugu wa kila aina. Nimezisoma hizo sentensi mbili pamoja na haziwezi kukaa nyumba moja vizuri. Nyara haina baba. Nyara haina wajomba wala kaka. Nadhani, na haya ni maoni yangu, MacGillivray alikuwa na neno tayari kichwani kabla hajasikiliza, akaliweka, halafu maelezo ya binti mwenyewe yakaja yakalisukuma pembeni naye hakurudi kulifuta. Sisemi kwamba maisha na Boroto aliyachagua, hakuna mtu anachagua akiwa ametolewa majini nusu mfu, na neno "akalazimika" nalichukua kwa uzito wake. Ninachosema ni kwamba alikuwa mke ndani ya ukoo wenye baba anayemsimamia, na hilo ni tofauti kabisa na mtumwa.

Ile imani yenyewe sasa. Wakaurareg walikuwa na neno markai. Ni mzimu, roho ya mtu aliyekufa, na ndilo neno walilowaita Wazungu. Mtu akifa anaondoka kuelekea kule jua linakozama, na anarudi mweupe. Imani ya namna hii ilikutwa sehemu nyingi sana za Australia, sio huku tu. Wasomaji wengi wanaichukua kama ujinga, eti watu walidanganyika na rangi ya ngozi, na mimi hapo sikubaliani kabisa. Ebu iangalie inafanya kazi gani. Kwenye jamii ile kila mtu lazima awe nani kwa nani. Kuna watu unaongea nao, kuna watu huruhusiwi hata kutaja majina yao, mkwe wa kiume alikuwa hawezi kumtaja wala kuongea na baba na mama wa mkewe, na hayo tumeyajua kwa sababu Barbara aliyaishi akayaeleza. Nyama ya kasa ikigawiwa inagawiwa kwa udugu. Sasa mtu ambaye hana udugu na yeyote utampa fungu gani? Utamlaza wapi? Utamuita nani? Mtu wa hivyo hana pa kukaa, na mtu asiye na pa kukaa ni hatari kwake na kwa wengine. Ile imani ilikuwa mlango. Inamchukua mgeni kabisa na kumuweka mahali ambapo tayari palikuwa na nafasi, nafasi ya mtu aliyekufa, na saa hiyo hiyo anapata kila kitu kinachoendana na nafasi hiyo.

Huku kwetu mtoto anapewa jina la bibi yake marehemu na kuanzia hapo babu anamuita mke wangu, watu wanamtania kwa hilo jina, na hakuna anayesema babu kadanganyika. Somo ni somo. Kwa Piaquai ilikwenda mbali zaidi ya jina, sawa, lakini ukishaelewa hili la kwetu unakaribia kulielewa la kwao.

Na wala hawakusahau kwamba ni mzimu. Kuna jambo dogo alilolisimulia na ndilo linanigusa kuliko yote: watoto walikuwa wanamsumbua, wanamchokoza, na mtu mzima akiona anawakemea, muacheni maskini, huyo si kitu, ni mzimu tu. Yaani kwenye sentensi moja kuna huruma na kuna ukuta. Ni wa kwetu, na si kama sisi. Akakaa miaka yote hiyo kwenye huo mstari, akiitwa Giom.

Wanawake ndio walimpa tabu. MacGillivray anasema wengi walimuonea wivu kwa jinsi alivyokuwa anaangaliwa na kwa muda mrefu hawakuwa wema kwake. Inawezekana wivu ulikuwepo, ila mimi naongeza hivi: pale kazi ya kuchimba viazi vikuu, kuokota samaki wa magamba wakati wa maji kupwa, kupika ile biyu, yote ni ya wanawake, na huyu kaja hajui hata moja, miguu laini, analia, halafu mzee kasema ni binti wa ukoo mpewe chakula. Wa kwetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lazima alipewa jembe lake na lazima mwanzoni hakuliweza na kuna waliomzomea. Kwamba alipata taabu ya mwili ni kweli pia, siwezi kuipaka rangi: alipokuja kuonekana na Wazungu ngozi ilikuwa imebabuka kwa jua, ana makovu makubwa ya moto kwa kulala karibu na jiko usiku wa baridi, jicho moja halioni, jingine linauma, na anachechemea.

Alikuwa anaziona meli. Hili ni sehemu ngumu. Muralag iko mahali ambapo meli zote zinazotoka mashariki kupita mlangobahari lazima zisogee karibu nayo, umbali wa maili mbili au tatu tu, na kila kiangazi alihesabu 20, 30 au zaidi zikipita bila hata moja kutia nanga. Fikiria umekaa ufukweni unachambua chaza na meli ya watu wenu inapita pale unaona hadi matanga, na hakuna cha kufanya. Kuna Mzungu mwingine alikuwa kisiwa cha Badu, wenyeji walimuita Wini, inasemekana mfungwa aliyetoroka, ambaye alishakuwa mtu mkubwa kule na anapigana vita vyao. Alikuja akamshawishi Giom waende wakaishi pamoja. Akamkataa. Kwa hiyo angeweza kuwa na Mzungu mwenzake na akaona bora abaki na ukoo wa Piaquai, hilo nalo lipimwe na wanaosema alikuwa mateka tu anayesubiri uso mweupe wowote.

Oktoba 1848 Rattlesnake ikafika Evans Bay pale Cape York mara ya kwanza, chini ya Kapteni Owen Stanley, ikiwa na chombo kidogo kinachofuatana nayo kinaitwa Bramble. Kazi yao kupima bahari, kutafuta njia salama za meli. Baadhi ya Wakaurareg walikwenda kuwatembelea, wakatendewa vizuri, wakarudi Muralag kusimulia mitumbwi miwili ya vita, mkubwa na mdogo. Giom akasikia. Ni kama maili 20 tu. Akaomba apelekwe, wakakataa, na kuanzia hapo wakawa wanamchunga zaidi ya mwanzo.

Hapa ndipo wale wanaotaka kuonyesha wenyeji wote ni malaika wanakwama. Walimzuia. Ni kweli na imeandikwa na ameisema mwenyewe. Lakini nauliza, mzee ambaye binti yake alikufa halafu akarudishiwa, wanapokuja markai wengine kwenye chombo kikubwa, wale ambao wametoka huko huko kwa wafu, akiwaachia wamuone binti si ndio anampeleka kaburini mara ya pili? Kwa macho yao kumchunga ndiyo kazi ya ndugu. Kwa macho yake ilikuwa jela. Naona vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja na sitaki kuchagua kimoja nikitupe kingine. Udugu unalisha na udugu unafunga, kila mtu aliyewahi kukatazwa na familia kuondoka kijijini analijua hili.

Mwaka uliofuata meli zikarudi. Watu wa Cape York wakapandisha moshi, ndio simu yao hiyo, Muralag wakauona wakajua. Safari hii Giom alitumia akili. Aliwaambia ndugu zake wa karibu kwamba kakaa nao muda mrefu, wamemtunza, hana mpango wa kuwaacha, anataka tu kuwaona Wazungu mara moja awashike mkono, na akirudi atakuja na mashoka na visu na tumbaku. Wakamuamini. MacGillivray anasema ni tamaa ya vitu iliyowaponza. Mimi naona waliamini kwa sababu sentensi ya kwanza ilikuwa ya kweli, walimtunza, na mtu aliyetunzwa harukii nyumba ya jirani. Walimchukulia kama binti yao anayeomba ruhusa.

Walitua upande wa magharibi wa Cape York, na kutoka hapo akaanza kukimbia kuvuka kwenda Evans Bay kadiri mguu wake mbovu ulivyomruhusu. Ilikuwa tarehe 16 Oktoba 1849. Wanaume kadhaa walishabadilisha mawazo wakamfuata wamrudishe, wakachelewa. Kwenye ufukwe kulikuwa na Wazungu wametoka kuwinda ndege, wakamuona, wakadhani ni mwanamke wa pale, wakaendelea na njia yao. Akawaita kwa Kiingereza: mimi ni mwanamke mzungu, mbona mnaniacha?

Hilo la kupitwa nalirudia rudia kichwani. Wakaurareg walimtazama Mzungu wakaona Mkaurareg aliyekufa. Waingereza walimtazama Mwingereza mwenzao wakaona mwanamke mweusi asiyestahili kusimamiwa. Kilichombadilisha machoni mwao sekunde ile ni sentensi moja ya lugha.

Akapandishwa melini amevalishwa mashati mawili ya kiume. Kapteni Stanley akamuuliza kwa uwazi kama anataka kubaki nao au kurudi visiwani na wenyeji, achague mwenyewe. Alichanganyikiwa, anaongea Kiingereza kidogo, anaruka kwenye Kikaurareg, halafu anashtuka kwamba hawamuelewi, anaona haya, anajipiga kofi kwenye paji la uso kama anayetafuta kitu ndani. Mwisho akasema: bwana, mimi ni Mkristo, na afadhali nirudi kwa jamaa zangu. Alichagua, na uchaguzi wake nauheshimu moja kwa moja, sina neno. Alikuwa na baba na mama Sydney ambao nao walidhani amekufa.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ni ushahidi mkubwa kuliko maneno yote ya wapelelezi. Aliomba wanaume watatu waletwe melini, wale waliohusika kumtoa kwenye mashua iliyovunjika, akataka washukuriwe. Wakapewa shoka moja moja na zawadi nyingine. Mtu hafanyi hivyo kwa waliomteka.

Boroto naye alikuja melini, zaidi ya mara moja. Akaanza na ahadi, akambembeleza arudi, akakataliwa, akageukia vitisho, na alipoona hakuna kitu akaondoka kwa hasira akisema wakimkamata nchi kavu watachukua kichwa chake wakipeleke Muralag. Kwenye visiwa vile kukata kichwa haikuwa lugha ya picha, na Barbara aliogopa kiasi kwamba hakukanyaga tena ufukwe wa Cape York. Wanaoandika wanamalizia hapo kwa Boroto, mshenzi kaonyesha rangi yake. Sawa, kitisho ni kitisho na hakuna mwanamke anayestahili kuambiwa hivyo, lakini huyo huyo ndiye aliyeogelea baada ya dhoruba, na alikuja mara kadhaa kwa maneno mazuri kabla ya mabaya, na mke wake kaondoka kwa kudanganya mbele ya ukoo mzima. Ningependa siku moja mtu aandike hilo kwa urefu ule ule wanaotumia kuelezea yale mashati mawili.

Kwenye safari ya kurudi alipewa chumba chake na nafasi kwenye meza ya kapteni. Mchoraji wa meli, Oswald Brierly, alikaa naye siku nyingi akiandika kila anachosema: majina ya pepo, vyakula vya kila msimu, jinsi ya kutengeneza gul, nani ndugu wa nani, nani alimpiga nani. Hakuwa anajua kusoma wala kuandika, na bado alichokibeba kichwani ni moja ya kumbukumbu za zamani kabisa za maisha ya Wakaurareg kabla wavuna lulu na wamisionari hawajaingia. Daftari za Brierly zilikaa mpaka 1979 ndio mwanaanthropolojia David Moore akazitoa kitabuni. Na kwenye daftari hizo ukisoma taratibu hausikii mateka anashtaki, unasikia mtu anasimulia mtaani kwao, mpaka ugomvi wa majirani. Thomas Huxley naye alikuwemo kwenye meli hiyo, daktari msaidizi wa miaka 24, baadaye akawa jina kubwa la sayansi Uingereza. Februari 1850 meli ikafika Sydney, Barbara akakabidhiwa kwa wazazi wake.

Miaka kadhaa kabla ya hapo kulikuwa na habari ya Eliza Fraser, mke wa kapteni wa Stirling Castle iliyovunjika 1836, aliyekaa wiki chache na watu wa Butchulla kwenye kisiwa cha K'gari, na akirudi Uingereza hadithi yake ikawa inazidi kuwa ya kutisha na michango ya pesa ikawa inakusanywa London. Hiyo ndiyo ilienea dunia nzima na kisiwa kikapewa jina la Fraser, hadi 2023 ndio jina la K'gari likarudishwa rasmi. Wiki chache za vitisho zikashinda miaka karibu mitano ya Giom, na naamini hilo liliwagharimu watu wa visiwa, kwa sababu serikali na mabaharia waliofuata walikuja na picha ya Fraser kichwani.

Wakaurareg wenyewe walilipa. Mwaka 1869 meli ndogo ya Sperwer ilishambuliwa karibu na Muralag, kapteni na watu wake wakauawa. Maafisa wa kituo cha Somerset pale Cape York wakaenda kuwaadhibu Wakaurareg, watu wengi wakafa, na watafiti wa baadaye wanasema walioshambulia walikuwa watu wa kisiwa kingine kabisa. Miaka 20 tu baada ya wale watatu kupewa mashoka! Hakuna aliyesimama kusema hawa ndio waliomtunza binti wa Crawford. Waliobaki wakabanwa na biashara ya lulu na maradhi, wakasogezwa huku na huku, na mwaka 1922 wakahamishwa kwa nguvu, chini ya mtutu wa bunduki, kupelekwa kisiwa cha Moa, ndipo kijiji cha Kubin kikaanza.

Walirudi kidogo kidogo, na Mei 2001 mahakama ya Australia ikatambua haki yao ya asili juu ya visiwa vyao, Muralag na Ngurupai vikiwemo. Leo ukienda Torres Strait kwa ndege unatua Ngurupai, kisiwa kile kile ambacho America iligonga mwamba wake, na watu wa pale, wajukuu wa walioogelea, bado wanajiita Kaurareg.